Sabato Tuliyomwombea Priskila

Majani chai mabichi yakirundikwa bandani tangu mchana hadi jioni hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine, na mimi nimepita mahali pengi. Si ile harufu ya chai iliyo kikombeni. Ni harufu nzito, kama nyasi zilizokatwa zikafunikwa kwa gunia bichi, na ndani yake mna joto, maana majani yakibanwa huanza kujipika yenyewe. Ukitia mkono katikati ya kikapu unahisi kama umemshika mnyama aliye hai. Changanya harufu hiyo na ya makoti ya plastiki, ya matope mekundu kwenye mabuti, ya ndizi mbivu zilizofichwa mifukoni na ya jasho la akina mama waliokuwa shambani tangu kabla umande haujakauka, na utakuwa umesimama nami katika banda la majani chai la kwetu, juu ya kilima upande wa Nyamira, katika msimu ule wa mvua nilioacha shule.

Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Watu wakinisikia nikisema hivyo hungoja kisa kikubwa, lakini kisa hakuna. Nilikuwa mtoto asiyeweza kukaa. Mwalimu akianza kueleza mto fulani unaanzia wapi, mimi tayari nilikuwa nimeshatoka kwenda kuuangalia ule wa kwetu unaanzia wapi, na nilirudi na sketi iliyolowa na maswali ambayo hakuyapenda. Mama alinipiga, akanibembeleza, akanipiga tena, mwisho akanipa kikapu. "Basi kachume chai," alisema. "Chai haina dawati." Baba alikuwa akifanya kazi katika mashamba makubwa ya Kericho na alikuja nyumbani kwa nadra, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kubishana naye. Nilitupiwa kikapu mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso, nikaungana na wanawake.

Mtu niliyechuma naye mstari mmoja alikuwa Shangazi Kerubo, dada yake Baba. Alikuwa amerudi kwetu mvua zilipoanza tu, kutoka upande wa Nyacheki alikokuwa ameolewa miaka mingi. Hakuwa amezaa. Mumewe alileta mke mwingine, na jioni moja Shangazi aliporudi kutoka mtoni alikuta vyungu vyake viko nje uani, vimepangwa vizuri kama vya kuuzwa. Hakugombana na mtu. Aliingiza nguo katika mfuko wa plastiki, na kitabu kimoja alichokuwa nacho tangu alipokuwa msichana wa sekondari, akaja kwa baba yake. Ila baba yake alikuwa amekwishafariki, na boma sasa lilikuwa la Baba Mkubwa Ombati, kaka yao wa kwanza.

Nataka Baba Mkubwa aeleweke. Hakuwa mtu mbaya. Mgonjwa akizidiwa usiku, yeye ndiye aliyemfunga kwenye baiskeli na kumsukuma hadi zahanati. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato, na akiimba sauti ya nne, ile nzito, mabati ya kanisa yalitetemeka. Lakini kuna jambo ambalo kichwa chake hakikuweza kulibeba: dada aliyeolewa, aliyerudi. Kwetu mwanamke ana jiko lake. Analipata anapoolewa, mawe yake matatu ndani ya nyumba yake, na hapo ndipo watu wanapojua pa kumwita. Binti aliyekwishapelekwa kwa mume hana kipande kwa baba yake, wala hana pa kuweka mawe yake. Shangazi alilala jikoni kwa Mama, juu ya magunia, na alipika tu pale Mama alipomaliza kupika. Baba Mkubwa alikuja jioni moja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema mvua zikipungua na barabara ikishika, yeye mwenyewe atamrudisha Shangazi kwa mumewe. Alitaja siku kabisa. Ni Jumapili inayofuata ile Sabato ya kutawadhana miguu, yaani waumini kuoshana miguu kanisani, ambayo huja mara moja kwa robo ya mwaka. Shangazi aliendelea kukoroga uji. "Nimesikia, kaka," alisema.

Basi tulichuma chai huku siku ile ikisogea. Mimi, kwa umbea wangu, nilimuuliza kila kitu. Huko mumeo akikufungulia mlango utaingia? Na asipofungua? Yule mke mwenzako ana sura gani? Kwa nini wewe huna mtoto? Kwani mtu akiwa si wa huku na si wa kule, ni wa wapi? Shangazi alivumilia kama wiki mbili. Kisha siku moja akachomoa kile kitabu kutoka kifuani, akakitia ndani ya kikapu changu na kuniambia, "Shika hiki. Kina maswali kama yako. Yaulizeni huko huko, mniache nichume."

Kilikuwa riwaya ya Kiswahili, ya zamani, moja ya zile ambazo wanafunzi wa sekondari wa miaka hiyo walisoma hadi wakazijua kwa moyo. Jalada lilikuwa limekwisha kwa kushikwa. Humo ndani kulikuwa na mwanamke aitwaye Priskila, aliyelelewa akiitwa binti wa fulani, akaolewa akawa mke wa fulani, akazaa mtoto akawa mama wa fulani, na mtoto alipofariki watu wakakosa kabisa jina la kumwita. Wakwe wakamfukuza. Ndugu zake wakamfungia mlango. Akaanza kuzunguka akijiuliza yeye ni nani hasa. Nilikisoma nimekaa juu ya gunia bandani wakati tukingoja lori la kiwanda, na nilisahau kumeza mate.

Lori lile lilikuwa na tabia yake. Barabara yetu ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Mara nyingi lori lilikwama bondeni, na sisi tukangoja hadi giza. Wanawake walimwaga majani mezani, wakachambua yale magumu na kuyatupa, wakasukana nywele, wakasengenya, wakasinzia. Karani wa mizani alikuwa kijana mpole aliyevuta makamasi wakati wote. Alipoita watu wapime, aliita majina ya wenye mashamba. "Ombati!" na anainuka Shangazi na kikapu cha majani ya kaka yake. "Onyancha!" na anainuka mama mwenye ujauzito. Nilikuwa nikicheka sana, wanawake wanene kuitika majina ya waume zao waliolala nyumbani. Wenyewe hawakuona cha kuchekesha.

Aliyenigundua alikuwa Bochaberi, kikongwe mmoja ambaye sote tulimwita Omong'ina, yaani mwanamke mzee wa heshima. Alikuwa hana meno ya mbele lakini hakuna aliyemshinda kwa maneno.

"We Moraa," alisema, "unachekea nini peke yako kama mtu aliyelogwa? Hiyo Biblia yako ina vichekesho?"

"Si Biblia, Omong'ina. Ni habari za mwanamke mmoja."

"Anafanya nini?"

"Amefukuzwa kwa mume."

Mikono yote ikaacha kuchambua majani. "Soma kwa sauti," akasema Omong'ina Bochaberi.

Hapo nieleze jambo. Sikusema "riwaya" kwa sababu nilijua. Kwetu Wasabato wa zamani hadithi za kubuni zilihesabiwa pamoja na pombe. Baba Mkubwa aliziita uongo uliotiwa wino. Kwa hiyo nilisema habari, na wale wanawake, ambao habari kwao ni jambo lililotokea, wakapokea habari. Tena wengi wao hawakuwa na Kiswahili cha kutosha. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha polisi na cha mjini Kisii ukienda kuuza ndizi. Ikabidi nisome sentensi kimoyomoyo, halafu niitoe kwa Ekegusii. Na ukishaanza kuitoa kwa lugha ya nyumbani, hadithi inataka kukaa nyumbani. Kitabuni Priskila alizaliwa kijiji fulani chenye soko nyuma ya kilima. Wanawake wakauliza, "Kilima kipi?" Sikuwa na kilima. Nikasema Marani, kwa sababu Marani kuna soko, na ni mbali kiasi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shemeji huko.

"Marani upande gani?" akauliza mama mjamzito.

"Upande wa sokoni."

"Ukoo gani?"

Kitabu hakikusema. Nilipowaambia hivyo walikasirika kweli kweli. Mtu atasikilizaje habari za mtu asiye na ukoo? Utamhurumia ukianzia wapi? Wakabishana. Kila mmoja alimtaka wa kwao, mmoja akasema kwa ukaidi ule lazima atakuwa wa ukoo wa mama yake, mwingine akasema kwa ule mwendo wa kulia bila kutoa sauti ni wa kwao kabisa, hata bibi yake alilia hivyo. Lori lilifika wakiwa bado wanabishana, na kwa mara ya kwanza tangu nilijue lile banda, hakuna aliyelikimbilia.

Tangu siku hiyo nilisoma kila jioni. Wanawake wa banda la bondeni waliposikia walianza kupanda kilima na vikapu vyao ili wapime kwetu. Karani naye aliegemea mizani akisikiliza, akisahau kuwa ana kazi. Kulikuwa na kurasa wasizozipenda. Mwandishi alimkalisha Priskila mbele ya kioo, kurasa nyingi, akijitazama na kujitafuta.

"Anajitafuta?" aliuliza Omong'ina Bochaberi. "Kwani alijiangusha wapi?"

"Ndani ya moyo, Omong'ina."

"Mwambie aondoke hapo kiooni akachote maji. Ruka hiyo, mwanangu. Tupeleke kwa ndugu zake."

Nikaruka. Nikawapeleka kwa ndugu zake, pale Priskila anapopiga hodi mvua ikinyesha, na kaka yake anamjibu kupitia dirishani kwamba nyumba ina wenyewe. Nilisoma sehemu hiyo bila kumtazama Shangazi. Alikuwa ameinama mezani, vidole vyake vikichambua majani jani moja baada ya jingine, polepole, hata yale mazuri akiyatupa. Hakuna mwingine aliyemtazama. Hilo ndilo lililonishangaza nikiwa mtoto na linalonishangaza hata sasa. Walimlilia Priskila, wakafuta kamasi kwa leso, wakamlaani kaka yake hadi kizazi cha nne, na pembeni yao alikuwa amesimama mwanamke aliyelala juu ya magunia jikoni kwa mtu, na Jumapili yake inakuja. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Shangazi walimjua. Mtu unayemjua unamwona kila siku, habari zake unazo tayari, na mumeo ameshakuamulia la kusema juu yake.

Sabato ya kutawadhana miguu ilifika tukiwa hatujamaliza kitabu. Mvua ilikuwa imepungua kama Baba Mkubwa alivyotabiri, na barabara ilikuwa imeshika. Shangazi alikuwa ameshafua nguo zake na kuzikunja. Kanisani akina mama walikaa kushoto, wanaume kulia, mabeseni yamepangwa nyuma ukutani na taulo nyeupe juu yake, na harufu ya nywele zilizopakwa mafuta ya nazi imejaa. Kabla ya kutawadhana huwa panatolewa nafasi ya mahitaji ya maombi. Mtu anasimama, anasema mwanawe anafanya mtihani, ng'ombe wake hali, na mzee wa kanisa anayakusanya yote na kuyapeleka mbele za Mungu. Omong'ina Bochaberi akajishikilia kwenye benchi, akasimama.

"Sabato njema, ndugu na dada. Mimi sina hitaji langu. Nina dada yetu mmoja huko Marani, jina lake Priskila. Amefukuzwa kwa mume, amezika mtoto, ndugu zake wamemfungia mlango kwenye mvua. Naomba kanisa limkumbuke."

Upande wa kushoto wote uliguna kwa uchungu.  Nilimtazama Shangazi, naye alikuwa ametulia, macho mbele, kama mtu anayesikiliza mvua ikija kutoka mbali.

Baba Mkubwa alipiga magoti. Nimesema alikuwa na sauti. Siku ile aliomba kama sijawahi kumsikia akiomba, kwa sababu kile kilio cha akina mama kilimwingia, naye alikuwa mtu wa huruma. "Bwana," alisema, "mwone mtoto wako Priskila. Walegeze mioyo ndugu zake. Waambie, Bwana, kwamba huyu ni damu yao, walinyonya titi moja. Wanawezaje kuja kuosha miguu ya watu wengine, na miguu ya dada yao imesimama kwenye matope? Mpe paa, Bwana. Mpe mahali pa kuweka jiko." Kanisa likajibu amina, si moja, amina juu ya amina, wanaume kwa wanawake. Alipoinuka alikuwa anafuta macho.

Mambo yangeishia hapo kama kusingekuwa na Dorkasi. Dorkasi ni lile kundi la akina mama wa kanisa wanaopeleka mahindi na mablanketi kwa wenye shida, na mwenyekiti wao alikuwa mke wa Baba Mkubwa, mwanamke asiyechelewesha jambo. Alisimama pale pale. "Maombi bila blanketi hayatoshi," alisema. "Jumatatu tunakwenda Marani. Omong'ina, tukifika sokoni tumuulize nani?"

"Mimi sijui njia," akasema Bochaberi. "Muulize Moraa. Ndiye anayetusomea."

"Anawasomea nini?" akauliza Baba Mkubwa.

"Habari zake. Ziko kitabuni."

Niliitwa mbele. Bado ninakumbuka ile sakafu ya samadi na udongo jinsi ilivyokuwa baridi chini ya nyayo. Baba Mkubwa aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Moraa," alisema kwa upole, "huyu dada Priskila ni wa wapi?"

Nilifikiria Marani. Nilifikiria kilima na soko. Lakini mabeseni yalikuwa pale, na taulo zile nyeupe, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumdanganya Mungu mbele ya maji yake. "Ni wa kitabuni, Baba Mkubwa," nikasema. "Ametungwa."

Mtu alicheka upande wa wanaume. Kisha mwingine. Kisha kanisa zima likawa kama soko, akina mama wakiulizana, "Hayupo? Vipi hayupo? Na yule mtoto aliyezikwa?" Mama mjamzito alianza kulia upya, safari hii kwa hasira. Baba Mkubwa alisimama wima, uso umemwiva. Nadhani hakuna jambo ambalo lingeweza kumwaibisha zaidi. "Tumeombea uongo," alisema, na sauti yake ikavuma kwenye mabati. "Tumepiga magoti, Sabato ya Bwana, tukaombea mtu asiyekuwepo!"

Hapo Shangazi Kerubo akasimama. Hakuwa amewahi kusema neno kanisani tangu arudi. Hata kuimba aliimba midomo ikiwa imefungwa.

"Kaka," alisema, "ombi halijapotea."



"Umeomba vizuri sana, kaka. Umeomba paa, umeomba mahali pa jiko, na kanisa zima limesema amina. Sasa kama Priskila hayupo, ombi zuri namna hiyo mtalipeleka wapi? Nipeni mimi. Mimi nipo."

Akakaa. Hakulia, hakupaza sauti, alikaa tu na kuinyoosha sketi yake magotini. Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele, kwa hiyo niliziona nyuso zote. Niliwaona akina mama wakimgeukia mmoja mmoja, wakimtazama kana kwamba ameingia sasa hivi kwa mlango. Omong'ina Bochaberi alishika mdomo. Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, lakini kanisa zima lilisikia, "Amina." Mke wa Baba Mkubwa, yule wa mablanketi, akasema amina. Ikapita benchi kwa benchi, upande wa kushoto wote, mpaka ikavuka katikati na mzee mmoja wa kulia akaisema pia. Baba Mkubwa alisimama pale na Biblia yake kifuani. Hakusema amina. Alichukua kofia yake na kutoka nje, na wengine wakaongoza utaratibu uliobaki.

 Usiku ule Mama alifunga mlango wa jikoni mapema, nami nikiwa humo na Shangazi. Nilimuuliza Shangazi gizani kwa nini hakuwaambia wale wanawake tangu mwanzo kwamba Priskila si mtu wa kweli, maana kitabu kilikuwa chake na alijua.  "Nilirudi hapa na habari zangu mwenyewe," alisema. "Nani aliniomba nimsomee?"

Asubuhi ya Jumapili, siku yenyewe, tuliamshwa na panga. Mtu alikuwa anakata kitu. Shangazi aliketi juu ya magunia yake, mfuko wake umefungwa miguuni, akasikiliza. Nilitoka mbio. Chini ya boma, pale ambapo shamba la chai la Baba Mkubwa linapakana na migomba, yeye mwenyewe alikuwa akikata migomba miwili iliyozeeka ili kupanua uwanja. Alikuwa ameshachimba mashimo ya nguzo pande mbili. Aliponiona hakuacha kazi.

"Mwite shangazi yako aje aseme mlango utazame wapi."

"Kwa hiyo humpeleki Nyacheki?"

Alikata tena. "Kanisa zima limeomba, mtoto. Unataka Mungu afikiri nilikuwa natania?"

Shangazi alikuja na leso kichwani, akasimama kwenye ule uwanja wenye utomvu wa migomba. Akauzunguka mara moja. Kaka yake alingoja, ameegemea jembe, hamtazami usoni. Shangazi alionyesha upande wa mashariki, ambako siko ilikoelekezwa milango ya nyumba nyingine za boma. Baba Mkubwa akasogeza kijiti cha alama. Mchana wanawake wa bandani walikuja, bila kuitwa, wakakanyaga udongo wa kukandika wakiimba, na matope yakawafika magotini. Omong'ina Bochaberi, ambaye hakuweza kukanyaga, alikaa juu ya gogo akielekeza na kutukana kila mtu. Ilipofika zamu ya jiko, yeye ndiye aliyechagua mawe matatu kutoka mtoni.

Kitabu tulikimaliza wiki iliyofuata. Sasa walijua Priskila ametungwa na hawakujali, waliendelea kubishania ukoo wake kama kawaida. Mwisho wake ni kwamba Priskila anapanga chumba mjini, analala peke yake, asubuhi anafungua mlango, jua linaingia, basi. Hapo ndipo mwandishi anapoishia. Wanafunzi wameandikia mitihani mwisho huo, nasikia, na walimu wanausifu. Banda letu halikuusifu. "Chumba cha kupanga!" alisema mama mjamzito. "Na jiko aliweka wapi?" Omong'ina Bochaberi alitaka kujua kama kuna kitabu kingine mbele. Shangazi alicheka, kicheko kirefu ambacho sikujua anacho. "Mwacheni," alisema. "Huyo hakuwa na kanisa."

Mimi nilikaa pale kilimani misimu michache tu kisha miguu ikaanza kuwasha. Nimeuza mitumba mjini Kisii, nimepikia wajenzi wa barabara, nimekaa Malaba kwenye malori, nimeshona mikeka Busia, nimesoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, yenye jalada na isiyo nalo. Sikuolewa. Niliwahi kujaribu mara mbili kuishi kwa mtu, na mara zote nilirudi nyumbani na mfuko, na sikupata kusikia mlango wa boma lile ukisitasita kufunguka. Baba Mkubwa amelala zamani chini ya migomba yake, na wanawe ndio wenye chai. Shangazi Kerubo yupo, magoti yanamsumbua, na mlango wake bado unatazama upande anaoutaka.

Banda la majani siku hizi halinuki sana. Barabara ina lami, lori linafika mapema, na hakuna majani yanayokaa hadi yajipike. Wanawake wanangoja kidogo tu, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na hadithi yake sikioni, na wanacheka kwa wakati tofauti. Sisemi ni vibaya. Wanajua mambo mengi ambayo sisi tulilazimika kuyatunga. Karani wa sasa ni msichana, na anaita watu kwa majina yao.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta kikao uani. Mjukuu wa Baba Mkubwa alikuwa amerudi kutoka kwa mume, na mtoto mgongoni na begi la magurudumu lililojaa matope. Vijana wa boma, ambao sasa ndio wazee, walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki na nyuso nzito. Mmoja wao, ambaye amerithi uzee wa kanisa na hata ile sauti, alikohoa na kusema kwamba jambo kama hili ni zito, si la kukimbiliwa, hivyo kwanza tusimame sote tuliombee.

Mama yangu, ambaye sasa haoni vizuri na huongea kwa nadra, aliinua mkono.

"Kaeni chini," alisema. "Hilo lilishaombewa." Kisha akamgeukia yule msichana. "Wewe, mpe mtu mtoto huyo, uje utuonyeshe mlango wako utazame wapi."